Jino Likiuma, Tatizo Si Usonji

Kila ifikapo Aprili 2, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2007 kwa ajili ya uelewa kuhusu usonji (hali ya ubongo iitwayo autism kwa Kiingereza), hotuba zinazosikika Dar es Salaam, Dodoma na Nairobi huwa za aina moja. Uelewa bado ni mdogo, wataalamu hawatoshi, wadau washirikiane, serikali ijenge vituo maalumu. Fulana za bluu huvaliwa, matembezi hufanyika, mgeni rasmi huondoka akiwa ametoa ahadi, na mwaka unaofuata risala husomwa upya ikiwa imebadilishwa tarehe. Madai yenyewe ni ya haki, kwani mzazi anayemtafutia mtoto wake mtaalamu wa tiba ya usemi nje ya miji mikubwa anajua anavyohangaika. Lakini mpangilio wake una kasoro. Tunapotanguliza jengo na bingwa, tunaliruka swali linalozikuta familia hizi mara nyingi zaidi kuliko mengine yote: mtu mwenye usonji au ulemavu wa akili akiugua ugonjwa wa kawaida, nani anamtibu, na anamtibu vipi?

Usonji si ugonjwa ambao mtu hutibiwa akapona, na ulemavu wa akili vilevile. Kinachohitaji matibabu ni malaria, jino, sikio, mkojo unaochoma, choo kilichofunga, shinikizo la damu, kisukari, na hasa kifafa, ambacho huwapata watu wenye ulemavu wa akili kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko watu wengine. Mengi kati ya hayo yana dawa, na sehemu kubwa ya dawa hizo hutolewa kwenye zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya tulizo nazo. Hoja yangu ni kwamba watu hawa hudhurika zaidi kwa kukosa huduma ya kawaida iliyotolewa kwa makini kuliko kwa kukosa huduma ya kibingwa, na kwa hiyo marekebisho yanapaswa kuanzia katika chumba cha tabibu wa kila siku.

Tuchukue mfano wa kijana wa miaka 22 asiyezungumza. Kwa siku tatu amekuwa akijipiga kofi shavuni, halali, anasukuma sahani ya wali ambayo siku nyingine huimaliza kabla ya wenzake, na usiku wa jana alimng'ata dada yake. Mama anampeleka hospitali. Chumbani anapiga kelele, hataki kuguswa, anatupa kalamu ya daktari chini. Nje kuna wagonjwa 40 wanaosubiri. Daktari anauliza, "Mama, huyu ana shida gani?" Naye mama, kwa mazoea ya miaka mingi ya kujieleza mbele ya watu, anajibu, "Ana usonji, dokta." Hapo uchunguzi umekwisha. Kijana anaandikiwa dawa ya kumtuliza na kupewa rufaa ya kliniki ya afya ya akili, na hakuna aliyemulika tochi kinywani mwake kuliona gego la chini lililooza hadi kwenye mzizi. Dawa itamlegeza. Maumivu yatabaki palepale, ila sasa hana nguvu ya kuyaonyesha, na kwa kuwa ametulia, kila mtu ataamini kwamba tiba imefanya kazi.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini mzazi yeyote wa mtoto asiyezungumza anaweza kuujazia jina na tarehe. Katika taaluma ya tiba jambo hili linafahamika vizuri: hali ya kwanza iliyokwisha kuandikwa kwenye cheti huufunika ugonjwa wa pili, na kila dalili mpya huhesabiwa kuwa tabia ya hali ile ya kwanza. Kujipiga ni usonji, kukataa chakula ni usonji, kutolala ni usonji. Mgonjwa mwingine akibadilika ghafla huulizwa kimempata nini, lakini huyu huambiwa kwamba ndivyo alivyo.

Uingereza imelichunguza jambo hili kwa undani kuliko nchi nyingi, baada ya kusukumwa na wazazi waliofiwa. Mwaka 2007 shirika la Mencap, linalotetea watu wenye ulemavu wa akili, lilichapisha ripoti kuhusu vifo vya watu sita wenye ulemavu wa akili waliofariki wakiwa mikononi mwa huduma za afya za umma. Uchunguzi mpana zaidi ukakabidhiwa Chuo Kikuu cha Bristol, kikapitia vifo 247 kimoja baada ya kingine, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2013 yakaonyesha kwamba wanaume wenye ulemavu wa akili walikuwa wakifariki wastani wa miaka 13 mapema kuliko wanaume wengine, na wanawake miaka 20 mapema. Takriban asilimia 37 ya vifo hivyo vingeweza kuepukwa kwa matibabu mazuri, ilhali kwa watu wengine kiwango hicho kilikuwa asilimia 13. Hii ni nchi yenye madaktari bingwa na hospitali kubwa, ambako mgonjwa halipi anapomwona daktari. Walichokosa marehemu wale ni mtu wa kuchukua malalamiko yao kwa uzito, kufuatilia vipimo na kuwasikiliza ndugu waliosema, "Leo hayuko sawa." Ndiyo maana siamini kwamba bingwa akishapatikana tatizo litakuwa limekwisha.

Turudi nyumbani, tuitazame siku ya mgonjwa katika hospitali ya kawaida ya Tanzania. Kuna foleni ya mapokezi, foleni ya kumwona daktari, foleni ya maabara, kisha kurudi kwa daktari na majibu, na mwisho foleni ya dirisha la dawa. Katikati ya hayo kuna benchi lenye watu waliobanana, televisheni iliyowashwa kwa sauti ya juu, majina yanayoitwa kwa kelele, taa inayomwekamweka, harufu ya dawa ya kusafishia sakafu, na watoto wanaolia baada ya sindano. Mtu asiye na usonji huvumilia tu. Kwa mtu ambaye ubongo wake hauchuji sauti, mwanga na miguso kama wa wengine, saa mbili za namna hiyo zinatosha kumvuruga kabisa kabla hajamfikia daktari, na daktari anapomwona akiwa katika hali hiyo huamini kwamba amemwona alivyo siku zote. Wazazi wengi huishia kuacha kwenda hospitali. Hununua dawa duka la dawa kwa kukisia, ugonjwa ukizidi wanasubiri hadi usiku wakati wagonjwa wamepungua, na wengine hufika wakati mgonjwa hajiwezi tena.

Marekebisho ya hapa hayahitaji mfadhili. Hospitali zetu zimeshaweka dirisha la wazee, na wananchi wamelizoea bila manung'uniko makubwa, kwa hiyo hakuna sababu ya utaratibu kama huo kushindikana kwa mtu mwenye ulemavu wa akili au usonji. Anaweza kupewa nafasi ya kwanza asubuhi, au kuruhusiwa kusubiri chini ya mti na kuitwa kwa simu ya mama yake zamu inapokaribia. Kipimo cha damu kinaweza kuchukuliwa chumba kilekile alichomo daktari, badala ya kumhamisha mara tatu. Muuguzi anaweza kumpa kifaa cha kupimia presha akishike kwanza, kisha kumpima mama mbele yake, ndipo ampime yeye. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009 na kutunga sheria yake mwaka uliofuata, na Ibara ya 25 ya mkataba huo inazungumzia afya moja kwa moja. Lakini tulipoitafsiri haki hiyo katika majengo, tulifikiria zaidi njia mteremko ya kiti cha magurudumu. Kwa mtu mwenye usonji, kizuizi kinaweza kuwa ile televisheni.

Kuna chombo kingine ambacho tunacho tayari. Wagonjwa wengi wa zahanati hutembea na daftari la shule ambamo tabibu huandika maelezo na dawa. Katika hospitali za Uingereza watu wenye ulemavu wa akili hubeba waraka unaoitwa pasipoti ya hospitali, unaomweleza mhudumu namna ya kuwasiliana na mwenye nao na namna anavyoonyesha maumivu. Ukurasa wa kwanza wa daftari letu unaweza kufanya kazi hiyohiyo. Mama au dada aandike, au aandikiwe na mwalimu wa kitengo cha elimu maalumu shuleni: hasemi kwa maneno, lakini anaelewa Kiswahili, usimzungumzie kana kwamba hayupo, akiumwa tumbo hujikunja na kuvuta fulana, akiumwa kichwa huzima taa, hapendi kushikwa kwa nyuma, humeza dawa ya maji, vidonge hutema, ana kifafa, anatumia dawa hii, kipimo hiki, siku akiwa mzima hula hivi na hulala hivi. Mistari ya mwisho ndiyo ya thamani zaidi, kwa sababu tabibu anayemwona kwa mara ya kwanza hawezi kujua kilichobadilika kama hajui kilivyokuwa.

Suala la dawa za kutuliza linastahili kukaziwa, kwa kuwa ndiko madhara makubwa yanakojificha. Dawa za zamani za magonjwa ya akili, kama haloperidoli na klopromazini, ni za bei nafuu na zina kazi yake halali kwa mtu mwenye ugonjwa wa akili uliothibitishwa. Zikitolewa kwa mtu asiye na ugonjwa huo, eti kwa sababu anasumbua, humwachia mwili uliokakamaa, mate yanayochuruzika na usingizi wa mchana kutwa, na klopromazini inaweza hata kuchochea degedege kwa mwenye kifafa. Mwaka 2015 mamlaka ya afya ya umma ya England ilikadiria kwamba watu wazima wapatao 30,000 hadi 35,000 wenye ulemavu wa akili walikuwa wakipewa dawa za aina hii, dawa za sonona, au zote mbili kila siku bila kuwa na ugonjwa unaolengwa na dawa hizo, na mwaka uliofuata kampeni ya kuzipunguza ikaanzishwa. Mwaka huohuo wa 2016 kijana wa miaka 18 mwenye usonji alifariki katika hospitali ya Bristol baada ya kupewa dawa ya akili ambayo yeye mwenyewe na wazazi wake walikuwa wameikataa. Kutokana na kifo hicho, sheria ya mwaka 2022 imewataka watoa huduma kuwapa watumishi wao mafunzo kuhusu ulemavu wa akili na usonji, yanayolingana na kazi ya kila mmoja. Kwetu ingetosha kuanza na kanuni moja ya kitabibu inayobandikwa ukutani: tabia ikibadilika ghafla, tafuta maumivu kwanza. Angalia meno, masikio, koo, tumbo, choo, mkojo na ngozi, uliza kuhusu hedhi, angalia kama kuna mfupa uliovunjika, na uliza pia, kwa faragha, kama kuna mtu anayemuumiza.

Swali hilo la mwisho hatuliulizi vya kutosha. Wasichana na wanawake wenye ulemavu wa akili wako katika hatari kubwa ya kufanyiwa ukatili wa kijinsia, na mara nyingi mtendaji ni mtu anayefahamika nyumbani. Familia nyingine hulikabili kwa kuomba sindano ya uzazi wa mpango, bila msichana mwenyewe kuelezwa chochote, na mtoa huduma anayeitoa bila maswali amezuia mimba lakini hakumzuia mkosaji. Binti huyo anaweza kuelezwa kwa picha na kwa maneno mafupi. Anaweza kukubali na kukataa. Kumfungia mlango wa mazungumzo kwa sababu ana umri wa miaka 19 na akili ya mtoto, kama tunavyopenda kusema, si huduma ya afya.

Upande wa watoto, tatizo la kudhani kwamba kila kitu ni sehemu ya hali yao huanza mapema mno. Karibu nusu ya watoto wanaozaliwa na sindromu ya Down, hali ya vinasaba inayoambatana na ulemavu wa akili, wana kasoro ya moyo, na wengi wao hupata matatizo ya tezi ya shingo yanayotibika kwa kidonge cha kila siku. Mzazi anayeambiwa kwamba watoto hawa ndivyo walivyo, hawana nguvu na hawaishi sana, hapewi rufaa, wakati Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete inafanya upasuaji wa moyo wa watoto hapahapa Dar es Salaam. Kinachohitajika ni tabibu wa wilaya anayejua kwamba kila mtoto wa aina hii lazima moyo wake upimwe mapema, kabla kasoro hiyo haijaleta ugonjwa wa mapafu.

Kuna pia ulemavu unaozuilika kabisa, na hapa mjadala wetu wa usonji umejitenga mno na wodi ya wazazi. Kuchelewa kupumua wakati wa kuzaliwa, manjano makali ya mtoto mchanga ambayo hayakutibiwa, homa ya uti wa mgongo na malaria kali iliyopanda kichwani vinaweza kumwachia mtoto ulemavu wa akili wa maisha. Utafiti mdogo wa watoto 20 uliofanyika Tanzania na kuchapishwa mwaka 2006 uliwataja watoto watatu waliokuwa wakikua vizuri, kisha wakaonyesha usonji baada ya kupona malaria kali yenye homa ya muda mrefu na degedege. Watoto watatu hawathibitishi kanuni, na sehemu kubwa ya usonji inatokana na urithi wa vinasaba, lakini ni onyo la kutosha kwamba hesabu ya malaria haiishii kwa waliokufa. Katika pwani ya Kenya, watafiti walioongea na wazazi na watoa huduma walieleza mwaka 2015 kwamba majini, uchawi na laana vilitajwa kama visababishi vya usonji, sambamba na matatizo ya uzazi na maambukizi. Vyombo vya habari hupenda kunukuu nusu ya kwanza tu. Mimi naona nusu ya pili ndiyo inayotuelekeza: wazazi hawa wamesikia maelezo ya aina mbili, na wanayoyafuata kwanza ni yale ya mtu aliyekaa nao na kuwaeleza. Mganga wa kienyeji hukaa na mzazi mchana mzima, na sisi tunampa dakika nne.

Mwaka 2021 Tanzania ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, na mwaka 2024 ukazinduliwa mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii unaolenga kuwa na wahudumu zaidi ya 137,000 ndani ya miaka mitano. Mipango hii miwili ina nafasi ambayo hakuna kituo cha usonji kitakachoipata, kwa sababu inaingia kwenye nyumba. Mhudumu wa kijijini anaweza kufundishwa kumtambua mtoto wa miezi 12 asiyegeuka akiitwa jina, au wa miezi 18 asiyenyoosha kidole kuonyesha kitu. Shirika la Afya Duniani nalo lina mafunzo ya walezi, yenye vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, yaliyobuniwa ili yaongozwe na watu wasio mabingwa. Kenya ni miongoni mwa nchi zilizoyajaribu. Mama anayejifunza kumsaidia mtoto aombe maji kwa ishara amepunguza vilio vya siku nzima, na amejipunguzia uchovu. Nao uchovu huo ni suala la afya. Akina mama wengi wa watoto hawa wamebaki peke yao baada ya baba kuondoka, biashara ya sokoni imekufa kwa kukosa wa kumwachia mtoto, na wao wenyewe hawapimi presha.

Kuhusu majengo, nina tahadhari. Mwaka 2011 kamera za siri za BBC zilionyesha namna wagonjwa wenye ulemavu wa akili na usonji walivyokuwa wakipigwa na kudhalilishwa na wafanyakazi wa Winterbourne View, hospitali binafsi karibu na Bristol. Wafanyakazi 11 walihukumiwa, hospitali ikafungwa, na serikali ikaahidi kwamba kufikia Juni 2014 kila aliyewekwa hospitalini isivyostahili angekuwa amehamishiwa katika jamii. Muda huo ulipita bila ahadi kutimia, na miaka kumi baadaye takriban watu 2,000 walikuwa bado katika vitanda vya hospitali za namna hiyo. Tukijenga vituo vya kulaza kabla ya kuimarisha msaada wa nyumbani, vitajaa, kwa sababu familia iliyochoka haina chaguo lingine, na kuvifunga kutatushinda kama kulivyowashinda wenzetu. Vitengo vya kutwa katika shule za msingi, mfano wa kile cha Msimbazi Mseto jijini Dar es Salaam, ni njia salama zaidi: mtoto anarudi nyumbani jioni, na akiwa na alama mwilini kuna atakayeiona. Udhaifu wake ni kwamba kijana akimaliza umri wa shule, mama anampoteza pia mwalimu aliyekuwa jicho lake la pili.

Hapo ndipo bima inapoingia. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itapimwa, kwa kundi hili, kwa mambo mawili. La kwanza ni umri: mtu wa miaka 30 asiyeweza kujitegemea aendelee kuhesabiwa kuwa mtegemezi wa mzazi, na mzazi akifa ahamie kwa ndugu anayemlea bila kuanza upya kudai vyeti. La pili ni uchunguzi wa afya wa kila mwaka uliolipiwa, kama England inavyowapa watu wenye ulemavu wa akili kuanzia miaka 14, kwa sababu mtu asiyeweza kusema "naumwa" hawezi kungoja hadi aseme.

Na tuwahesabu wanaokufa. Tanzania ina uzoefu wa kazi hiyo: kifo cha mama mjamzito kikitokea kituoni hutakiwa kuripotiwa na kujadiliwa, timu ikauliza alichelewa wapi, nani alimpokea, na kipi kingefanyika tofauti. Utaratibu huo ungeweza kutumika kwa vifo vya watu wenye ulemavu wa akili na usonji, kwa kuanza na hospitali chache za rufaa za mikoa na safu moja ya ziada kwenye vitabu vya MTUHA, ambamo vituo vya afya huandika takwimu zao. Haihitajiki sheria mpya kwa hilo. Waraka wa Mganga Mkuu wa Serikali unatosha.